Kwa Kiswahili, Kabla ya Kilatini

Jarida linataka Kiingereza, na jina la Kilatini.
Nitawapa. Lakini usiku huu, umeme ukiwa umerudi
na mvua ya Aprili ikichapa mabati ya maabara,
nakueleza wewe kwanza,
kwa lugha niliyoshtuka nayo nilipomwona.

Ni mdogo. Punje ya mchele ingemfunika,
mchele wa Mwea, si ule mrefu wa pakiti.
Kichwa cheusi. Kifua rangi ya strungi
iliyosahauliwa kikombeni tangu asubuhi.
Na mabawa ya juu, yale magumu, mafupi mno:
koti la shule la mwaka juzi
kwa mtoto aliyerefuka likizoni.
Tumbo lote liko nje. Haoni haya.
Angekuwa hai, ungemgusa, angelibinua juu kama nge,
mkwara mtupu,
mwiba hana.

Usimchanganye na binamuye,
yule mwekundu kwa mweusi anayetuunguza kila masika,
aliyepewa jina la jiji hili kana kwamba ndiye meya.
Huyu hakuunguza mtu.
Huyu hakujulikana na mtu.

Miaka thelathini na saba amekaa droo ya kumi na nne,
amegandishwa kwa gundi kwenye pembe ya karatasi,
katikati ya wengine, kwa jina lisilo lake.
Lebo ni ya penseli, mwandiko umeinama
kama mtu anayekimbia mvua:
Kirichwa Ndogo, chini ya mavi ya punda. 14.4.1987. Nzioki.
Basi. Mdudu mmoja, punda mmoja, Nzioki mmoja.

Nilijuaje ni mgeni? Hapa mama yangu asisome.
Ndugu hawa hufanana sura, hufanana mwendo;
tofauti yao imefichwa kwenye faragha ya dume.
Nilimlowesha maji vuguvugu alainike, nikamwomba radhi,
nikatoa kwa ncha ya sindano kitu chembamba kuliko ukope,
na chini ya hadubini kikang'aa, kimepinda
mfano wa ndoana, na jino moja ubavuni
ambalo hakuna kitabu kinacholitaja.
Nililichora mara tisa.
Mara ya tisa mkono ulitulia.

Nikamtafuta Nzioki. Yu hai, yuko Kathiani, anafuga nyuki,
sikio moja limekufa. Nikapiga kelele simuni:
"Mdudu wako hana jina! Nataka nimpe lako!"
Kimya. Kuku wakapita. Kisha:
"Yule punda alikuwa wa Wambugu mchota maji.
Alinipiga teke nikiwa nimeinama.
Mpe jina la punda."
"Punda aliitwaje?"
"Kanali."

Jumamosi tatu nimekwenda Kirichwa Ndogo na chekeche.
Nimechekecha majani, matope, vizibo vya soda,
ukurasa wa hesabu uliosahihishwa kwa wino mwekundu,
nne kwa kumi.
Punda hakuna siku hizi. Maji huja kwa lori.
Binamu tele.
Yeye, la.

Kwa hiyo chini ya Makazi nimeandika: hayajulikani.
Chini ya Chakula: hakijulikani.
Jike: hajaonekana.
Chini ya Jina pako wazi, kishale kinapepesa,
na kila nikiandika Kanali nacheka peke yangu,
kisha nafuta, kisha naandika tena.

Nimezima taa ya meza. Kitu kinatambaa mkononi,
juu kidogo ya saa.
Kiganja cha pili kimeinuka chenyewe,
kama cha kila mkazi wa jiji hili,
ndipo nikakumbuka tulivyofunzwa utotoni:
usimponde, mpulize.
Nimepuliza.

Kisha nikawasha taa zote, nikapiga magoti
chini ya meza, gilasi mkononi.