Njia ya Msoma Mita

Nimegeuza bili ya maji, nyuma yake nimeandika:
Jumamosi, saa tatu, tushuke basi chini ya Sololaki.
Halafu? Penseli imekwama.
Wageni huandikiwa: tazama roshani, tazama vioo vya rangi,
panda ngomeni uutazame mji wote wa Tbilisi.
Macho ya Baba yalizimika mwaka juzi,
moja wakati wa machipuko, la pili kabla ya theluji,
nami sijui namna ya kumtembeza asiyeona
mahali watu wanapokwenda kuona.

Anasikia nikifuta.
"Unafuta nini, Lamara?"
"Ngome."
"Ifute. Kule kuna upepo na wauza sumaku za friji.
Andika mkate."

Naandika mkate.
Tanuri liko chini ya ardhi, ngazi tano, ya tatu ina ufa;
mkate mrefu wenye ncha kama jambia,
tuumege mlangoni, tusingoje upoe.
"Kisha panda kushoto mpaka pua ikwambie paka.
Paka na rangi ya mafuta: hapo ni kwa fundi wa fremu.
Kama hayupo, yupo mwanawe.
Kama mwanawe naye hayupo, paka watakuwepo."

Miaka thelathini na mmoja alisoma mita za gesi mtaa ule,
tochi kiunoni, daftari kwapani,
akiingia majikoni mwa watu bila kuvua kofia.
Nyumba za kule anazijua matumbo, si nyuso:
hii mita yake iko nyuma ya kabati la achari,
hii chini ya ngazi, pamoja na baiskeli ya marehemu,
na ile ya profesa imefunikwa pazia kama mwali.

Karatasi inajaa. Nahesabu vilima, nahesabu magoti yake,
naweka benchi. Anaondoa benchi.
Naweka choo. Choo anakiacha.
Naweka hamamu za kiberiti; anacheka:
"Harufu ya mayai viza itatufuata yenyewe, haina nauli."

"Saa nane," anasema, na sauti yake inavua viatu,
"ua wa namba kumi na saba. Bomba la maji liko katikati.
Ghorofa ya pili, roshani ya mbao. Usiegemee.
Kwa Siranushi."

Siranushi yupi?
Jina hilo halijawahi kukaa mezani petu,
hata Mama alipokuwa hai,
hata siku alizokuwa na hasira.

"Mshona kofia. Watoto watatu, mume alikwenda hakurudi.
Baridi ile mbaya, mita yake ilizunguka kama pia.
Nikaandika nusu.
Mwezi wa pili, nusu.
Miaka minne, nusu.
Hakusema ahsante. Angesema, ningelazimika kuacha.
Siku niliyostaafu nikaikuta hii mfukoni mwa koti."

Anajigusa kichwa.
Kofia ya sufi ya kijivu, ile ile ambayo Mama
aliifua kila mwaka theluji ikiyeyuka,
akiusifu mshono wake.

"Yu hai?"
"Sijui. Ndiyo maana nimemweka mwisho.
Nisije nikajiharibia hamu ya mkate."

Naandika: saa nane, 17, Siranushi.
Naongeza maua. Nafuta maua.
Naongeza: kofia, asiisahau.
Kisha nabaki na penseli hewani,
nikimtafuta Mama katika hesabu ile,
kama naye alijua, kama naye aliandika nusu.

Baba ameinuka, anapapasa ukuta wa korido,
anaifikia mita yetu, anasimama,
vidole juu ya kioo
kama anayepima homa ya mtoto.
"Inakimbia hii," asema.
"Zima moto chini ya birika.
Na hiyo karatasi isome tena, polepole,
kuanzia mkate."