Ishirini kwa Kumi na Tisa

Meza yetu ilikuwa mlango.
Mama yake Nduta aliung'oa mwenyewe kwenye bawaba
mwaka ule mchwa walipokula fremu,
akaulaza juu ya madebe mawili, nyuma ya nyumba, Kivumbini,
akatundika shuka mahali pake
akasema tusiuguse hadi fundi aje.

Fundi hakuja wiki tatu.

Mstari wa katikati tuliukwaruza kwa msumari.
Neti: mfuko mwekundu wa vitunguu.
Vibao: mbao za kreti ya soda, zimebandikwa soli za kandambili,
jozi moja tukaigawana,
mguu wa kulia wangu, wa kushoto wake.
Mpira ulikuwa mmoja tu. Ukibonyea
tuliutumbukiza kwenye sufuria ya chai inayochemka,
ukavuta pumzi, ukapona,
na jioni nzima ukadunda ukinukia tangawizi.

Nusu ya kichwani ilikuwa yake.
Nusu ya miguuni ilikuwa yangu, na ndani yake,
karibu na mstari, tundu la ufunguo.
Mpira ukitua hapo husita
kama mgeni asiyejua kama amefika,
kisha huruka utakako.
Nduta alilijua tundu lile kuliko mwenye ufunguo.

Ishirini kwa kumi na tisa. Niko mbele. Naanzisha mimi.
Kiganja wazi, mpira hewani,
na fundi huyoo, amekata kona, misumari mdomoni.
"Shikeni huku," akasema.
Tukashika.
Meza ikasimama, ikawa mlango, ikafungwa.

Mwezi uliofuata baba akahamishiwa Butere, mwisho wa reli.

Luanda, kwenye baa ya Ambetsa,
nilikuta sanduku la kioo lenye miguu minne,
gololi ya chuma ikipigwa na kope mbili za plastiki,
kengele zikilia, namba zikipanda kama bei ya sukari.
Ukilitikisa linanuna, linazima taa,
linameza gololi pamoja na shilingi yako.
Nilicheza hadi nauli ikaisha.
Nikainama kuchungulia upande wa pili:
ukuta, na waya.

Kisumu, kwa Ogutu, runinga isiyo na rangi
ikinyonya betri ya lori:
vijiti viwili vyeupe, nukta moja katikati.
Nukta yenyewe ilikuwa na pembe nne.
Nikamuuliza, mpira wenye kona unadundaje?
"Lipa kwanza."
Betri ilipochoka, picha ilijikunja,
vijiti vikasogeleana,
uwanja mzima ukawa nukta
na nukta ikaenda zake.

Siku hizi ninao mfukoni.
Kwenye foleni ya benki navunja matofali kwa kidole gumba.
Nikimaliza ukuta, simu inanijengea mwingine,
na aliye mbele yangu hageuki.

Juzi nilipeleka mota Nakuru ikasukwe upya.
"Njoo saa kumi," wakaniambia.
Saa kumi ilikuwa mbali. Miguu ikajua njia.

Mlango ni ule ule. Umepakwa kijani, juu ya buluu, juu ya kahawia,
lakini rangi haizibi msumari:
mstari uko pale, usawa wa kiuno.
Ndani, redio na mlio wa vijiko.
Niliinua mkono nibishe kama watu wanavyobisha
nikakumbuka kwamba zamu ni yangu,
miaka thelathini na mmoja zamu ni yangu.

Nikainama.
Mara moja chini ya mstari, upande wangu: ko.
Mara moja juu, upande wake: ko.

Redio ikazimwa.
Ndara zikaburuta sakafuni, zikasimama.
Nikasikia mtu akipumua ng'ambo ya mbao.

Kisha, kutoka ndani, chini ya mstari,
pale pale kwenye tundu la ufunguo:
ko.

Na mimi, mikono mitupu, nikashindwa kuurudisha.