Tofali la Tatu

Mji wa Hull ni sinia. Mvua ikinyesha
haina mteremko wa kuushukia,
inasimama barabarani kama mgeni
asiyejua agonge mlango upi,
kisha inagonga yote.

Kwangu iligonga mwezi Juni, mwaka ule.
Nyuma ya kabati alama yake ipo bado,
mstari wa kahawia unaonifika magotini.
Fundi rangi aliniuliza, niufute?
Nikamwambia uache. Hiyo ndiyo risiti yangu.

Siku hizi nafanya zamu ya usiku
mbele ya skrini tatu na chai iliyopoa.
Chini ya lami kuna vitambuzi mia mbili na sita,
kila kimoja kimening'inia kwenye mfereji wake
kikinong'ona kina cha maji:
kumi na nne, kumi na nne, kumi na tano.
Nimevizoea kama mwalimu na darasa lake:
cha tisini na moja huchelewa kujibu,
cha mia na tatu hulia hovyo treni ikipita.

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga.
Basi yatengewe pa kumwagikia, ikasema halmashauri.
Wakaleta maktabani ramani, biskuti, na mhandisi,
Imogen Dass, viatu vimeganda tope.
Akaweka kidole juu ya uwanja wa mpira wa Marfield:
"Hapa tutachimba mita moja na nusu.
Siku mia tatu na sitini watoto watacheza.
Siku tano, tunaomba mtuazime."

Bwana Stathers akasimama, kofia mkononi.
"Baba yangu alifunga bao pale mwaka hamsini na sita.
Mnataka nikalitazame kwa mtumbwi?"
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Mimi nilikaa kimya, nikiona haya,
maana moyoni nilikwisha kupiga kura.

Wakachimba. Udongo wakaurundika ukawa kilima,
cha kwanza mtaa huu kuwahi kukimiliki.
Milango ya magoli wakairudisha palepale, ila chini zaidi.
Vichochoro vya nyuma wakavibandua saruji,
wakapanga matofali yaliyoachana kidogo
ili ardhi ipate pa kunywea.
Nami niliyelelewa kuziba nyufa
nikajifunza kuzifagia zisizibe.

Usiku wa Novemba, saa nane na dakika kumi,
skrini zikawa njano, kisha rangi ya chungwa.
Kitambuzi cha arubaini na moja, Marfield,
kikasema kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na mbili.
Majirani zake wote wanapiga mayowe.
Mashine haikuona ubaya, namba ilikuwa nzuri.
Mimi sikuipenda.

Nikampigia Stathers. Akapokea mlio wa kwanza.
"Chunu," akasema, na jina langu ni Tunu,
"niko nje tayari. Nina tochi."
Nikamwomba amulike ukuta wa mfereji.
Upepo ukajaa kwenye simu. Kisha:
"Tofali la tatu kutoka juu.
Ngoja. La pili."

Nikafungua lango kwa mkono,
kwa kitufe ambacho mafunzoni
walituambia hatutakihitaji.
Maji yakageuza shingo, yakaingia uwanjani.

Hatukukata simu. Nilimsikia akipumua.
"Yamezifika nguzo za goli," akasema. "Magotini."
Na baada ya kitambo kirefu:
"Mzee angesema ni faulo."

Asubuhi tulikuta pakiti ya krispu
imekivaa kitambuzi kama kofia ya kulalia.
Imogen akaongeza mstari kwenye mpango wa dharura,
chini ya pampu, nyaya na jenereta:
Stathers, nyumba namba kumi na saba. Tochi.
Mwenyewe anadai alipwe betri.

Bahari itapanda kiasi gani, hatujui.
Ramani ya miaka sitini ijayo ninayo kwenye droo;
mtaa wangu umepakwa buluu hafifu,
penseli ya mtu asiye na hakika.
Uwanja ulikauka Alhamisi.
Jumamosi vijana wetu wakacheza, matope hadi masikioni,
wakafungwa nne kwa moja.