Kilo Sifuri

Nilipanda Mufindi na kalamu mbili; moja ikaganda wino.
Julai hiyo. Ukungu umekaa juu ya chai
kama mgeni asiyejua kuaga.
Karani wa shamba la Lugemba alinifungulia stoo, akasema:
"Tafuta. Ila panya wamekutangulia."

Nilikuwa naitafuta timu.
Timu iliyowafunga watu wa Mbeya mabao manne, kwao, mvua ikinyesha;
ndivyo alivyosimulia baba,
na kila mwaka bao likaongezeka.
Magazeti ya zama zile yalikuwa na nafasi ya hotuba,
nafasi ya bei ya pamba, nafasi ya mechi za Pwani.
Lugemba ilipata mstari mmoja,
na jina lenyewe limekosewa: Lugenda.

Siku tatu nikala vumbi.
Daftari za mishahara, sabini, sabini na moja,
wachumaji na kilo zao za majani kwa siku:
Sekela Mwaitege, thelathini na mbili.
Tumpe Kihwele, ishirini na tisa.
Atilio Mgaya, sifuri.
Anyelwisye Chaula, sifuri.
Lutengano Ngailo, sifuri, sifuri, sifuri,
mwezi mzima hajachuma hata jani la kufukuzia nzi,
na mwisho wa mstari mshahara kamili,
na alama ya dole gumba, pana, kama la mtu aliyezoea kudaka.

Nikazihesabu sifuri. Kumi na moja.
Na tatu za akiba.
Nikacheka peke yangu mle ndani:
timu nzima ilikuwa imejificha kwenye chai.

Mpira wa kulipwa haukuwa na jina siku zile,
basi meneja akawaandika wachumaji, akawapa vikapu.
Vikapu wakavifanya milingoti ya goli.

Bi Sekela nilimkuta kambi namba nne,
anapukuchua maharage, mguu mmoja karibu na makaa.
Picha aliitoa chini ya godoro. Wanaume wamesimama, wanaume wamechuchumaa,
na mmoja, katikati, mwenye glovu,
hana kichwa.
Tundu la mviringo, limekatwa kwa wembe, kwa uangalifu.
Kupitia tundu hilo niliona kanga yake.

"Lutengano. Mume wangu. Alipokufa nikaenda kudai mafao,
wakasema lete picha ndogo. Ndogo sikuwa nayo.
Nikakata.
Wakaipokea, wakafungua kitabu, wakasema:
huyu hakuchuma hata kilo moja katika maisha yake."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti,
akapuliza maganda, yakaruka, mengine yakatua kwenye daftari langu.

Nikamuuliza basi fedha za timu zilitoka wapi.
Akanitazama kama mtoto aliyeuliza maziwa yanatoka wapi.
"Kwenye mizani. Kila kikapu karani alipunguza kilo mbili.
Umande, alisema. Majani yamelowa.
Hata saa nane, jua la utosi, umande.
Umande huo ndio uliomnunulia Atilio viatu."

Mlijua?

"Tulijua. Usiku mume ananikanda mgongo
kwa mikono niliyoilipia mimi."
Akacheka, meno matatu.
"Na Jumapili tulikwenda wote uwanjani.
Tukaushangilia umande wetu mpaka sauti zikakauka.
Siku ile ya Mbeya, yalikuwa mawili.
Mawili tu. Mwambie baba yako."

Kesho yake nilirudi stoo.
Karani akauliza, bado hujaipata timu?
Nikamwambia timu nimeipata.
Nimefungua kabati la mafao, faili zimeshikana kwa unyevu,
nazibandua moja moja kwa ukucha.

Natafuta kichwa.
Kidogo, cheusi na cheupe,
hakizidi dole gumba.