Nane za Nani

Lita moja ilikuwa ikinifikisha kilomita arobaini na tano.
Sasa thelathini na moja, tena kwa kubembeleza.

Nilianza na muuza petroli wa Sabasaba:
pampu yake, nikasema, ina ulimi mwepesi kuliko mkono.
Nikahamia Nyali. Yale yale.
Nikawalaumu abiria, hasa yule bibi wa Kongowea
apandaye na viroba viwili vya nazi na kusema,
"Mimi mwepesi, Chengo, nzito ni hizi."
Nikailaumu serikali. Haikugeuka.

Fundi Shekuwe, nyuma ya msikiti pale Mwembe Kuku,
hakunyanyua hata spana.
"Yala," akasema, "yala kiasi gani? Tangu lini?
Jaza tangi hadi shingoni, andika kilomita,
endesha siku tatu, jaza tena, uniletee hesabu.
Fundi asiyepima ni mganga,
na mimi sina tunguri."

Nikaandika kwenye daftari la binti yangu Kadzo,
nyuma ya hesabu zake za kugawanya:
kila safari, kila lita, kila usiku nikifika kwangu.

Siku ya nne akafungua plagi.
Masizi makavu, kama kitako cha sufuria ya kuni.
"Yameza bila kutafuna," akasema.
Akatoa kichujio cha hewa, akakigonga gotini:
vumbi la saruji, mchanga, unyoya wa kuku.
"Wewe ungelala na leso imekunjwa mdomoni, ungeamka?"
Choki ilikuwa imeng'ang'ania katikati
tangu mvua za mwezi wa tano.
Akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha:
likaenda raundi moja, likasita, likasimama
kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni.
Breki ilikuwa ikilishika chinichini
mchana kutwa, nami nikizidisha mafuta.

Mia saba. Nikalipa. Nikapima upya:
arobaini na nne.
Mashine ilipona. Mfuko haukupata habari.

Nikarudi kwa Shekuwe na daftari na maneno makali.
Akavaa miwani iliyofungwa kwa waya,
akasoma kwa kidole chenye grisi,
akaacha alama nyeusi juu ya Jumatatu, Jumanne, Jumatano.
"Kongowea hadi kwako Mwandoni ni kilomita tano.
Hapa umeandika kumi na tatu, kila usiku.
Wapita ndia gani?
Hizi nane ni za nani?"

Nikatazama cheni. Ilikuwa sawa tu.

Za Bi Mejumaa, nikasema mwishowe.
Bi Mejumaa wa Mlaleo, aliyenikopesha
elfu tatu na mia mbili za tairi,
na ambaye kuanzia magharibi huketi kando ya barabara
na meza yake ya mbaazi,
taa yake, na macho yake.
Ndiyo maana napinda Bombolulu,
napanda hadi Mtambo, najirudisha kwa vichochoro
kama mwizi wa pikipiki yangu mwenyewe.

Shekuwe akageuza ukurasa, akaichukua kalamu ya Kadzo.
Nane kwa usiku. Siku tisini, tangu ahadi ipite.
Akagawanya, akazidisha, akanikumbusha kubeba moja.
Elfu tatu, mia moja na hamsini.
"Umeshalipa," akasema. "Ila umemlipa moshi.
Hapo hapafiki spana."

Usiku ule nilipita Mlaleo na noti ya mia tano kiganjani,
nimeikunja ndogo, kama hirizi.
Bi Mejumaa aliitazama noti, kisha pikipiki, kisha mimi.
"Chengo! Nilidhani umehama."
Akafunua sufuria.
"Lakini za leo," akasema, "ni taslimu."