Kikohozi cha Saa Mbili na Dakika Arobaini

Dokta Aisaria alikuja Kibosho na visanduku kumi na viwili,
vidogo, vya rangi ya majani makavu,
akauliza nani hapa anajua kupanda miti usiku.
Watu wakanitazama.
Walijua kwa nini najua.

Nikavifunga kwenye miringaringa ya korongo,
na kwenye ule msesewe wenye pango kifuani,
pango nililowahi kuingiza mkono
nikautoa na joto la manyoya na alama za meno.
Bado ziko hapa, chini ya kidole gumba.

“Perere ni wengi,” nilimwambia.
“Usiku hatulali kwa kelele zao.”
Hakubisha. Alisema tungoje.

Kumbe kelele nayo ina mwandiko.
Mjini Moshi, katika chumba chenye feni bovu,
alinionyesha sauti zimelala kwenye kompyuta
kama matuta ya maharage:
huyu anaanza na mkoromo, anapanda, anapanda,
mlango usiotiwa mafuta,
kisha yowe la mtu aliyeporwa.
Huyu anakatiza katikati, anarudia.
Huyu wa tatu ana kigugumizi.
Nikamngoja wa nne.

Korongo zima, kutoka darajani hadi mpaka wa hifadhi,
madume watatu
wanaitana mwezi mzima,
nasi vihambani tunavuta shuka, tunanung'unika: wamejaa hawa.

Baba alikuwa na blanketi la ngozi.
Nilifunikwa nalo nilipougua surua.
Usiku ule nililihesabu kwa kumbukumbu ya mishono,
kidole juu ya ukuta, gizani:
thelathini na sita.
Nikahesabu tena, nikitumaini nimekosea.

Mitego yangu ya waya ilikuwa mitano.
Sikumwambia mtu. Nilishuka na koleo,
nikakata minne.
Wa tano ulikuwa umemezwa na gome;
nilipouchokonoa, msesewe ulitoa maziwa
yakanigandia vidoleni siku mbili.

Miti yenye mapango sasa ina mstari wa chokaa;
mkutano wa kijiji ulibishana hadi jioni
kuhusu kuni, kuhusu mbao, kuhusu nani atalinda,
na Mama Ndeshi akasema hajawahi kuona
mnyama wa ukubwa wa sungura akila posho ya kikao.
Lakini ilipitishwa.

Wiki mbili baadaye Dokta aliniita.
Akabonyeza. Perere. Mvua. Perere.
Kisha, saa mbili na dakika arobaini:
khe, khe — halafu waya, ta!
Akasimamisha.
“Anaeli, huyu ni mnyama gani?”

Nilitazama feni.
Naye akachukua kalamu, akaandika kwenye safu yake, taratibu,
huku nikisoma kichwa chini miguu juu:
*Binadamu. Mmoja. Anaondoka.*

Akabonyeza tena.
Kimya cha dakika sita tulikisikiliza chote,
mto tu, na tone, na tone,
mpaka yule mwenye kigugumizi
akajaribu sauti yake,
akakwama,
akaanza upya.