Futi

Daktari Msangi aligeuza karatasi ya majibu
akachora upande mweupe matiti mawili,
kisha kwenye la kushoto akatia nukta.
"Sentimita moja na nusu," akasema. "Umewahi."
Nikaitazama nukta. Nimeshona vifungo vikubwa kuliko hiyo.

"Njia ni mbili, Mama Elinuru.
Ya kwanza tunatoa uvimbe na ukingo wake,
titi linabaki, na kovu lake,
halafu mionzi, kila siku ya kazi, wiki tatu mpaka tano.
Ya pili tunatoa titi lote;
mionzi huenda usiihitaji.
Kwa zote mbili tutachungulia tezi za kwapani."

Nikauliza swali ambalo kila mteja huniuliza:
ipi inadumu?
"Kwa hatua yako zinalingana.
Miaka ya kuishi ni ileile."

Zinalingana!
Nilitaka moja iwe mbaya
niikimbie.
Sasa kifo chenyewe kimekataa kunichagulia.

Dada yangu Aikaruwa anasema toa lote, ulale usingizi;
nguo ikishaingiwa na nondo, kiraka cha nini?
Yeye hajawahi kushika sindano.
Mume wangu hasemi. Alitoka nje
kupiga hesabu za nauli kwenye simu,
akarudi ananuka sigara aliyoiacha mwaka juzi.
Na yule mama wa kwenye foleni, kwa wema wake,
akaniambia nitazame juu:
Mawenzi umemeguka, mbona bado ni mlima?
Mama, mimi si mlima.
Mimi nashona sare za shule Kiborloni
na huu ni mwezi wa Desemba.

Usiku, cherehani imefunikwa,
nikachukua futi nikajipima mwenyewe.
Miaka kumi na tisa naizungusha kwa wanawake wa Moshi:
maharusi, wajawazito,
na wawili watatu walioninong'oneza
"hapa kushoto nijazie pamba, fundi,"
nikajaza, sikuuliza kitu,
wakatoka wamenyooka.
Kwa hiyo naijua ile njia ya pili. Haina aibu.
Naijua na ya kwanza: kiraka kizuri
hakiishii kwenye uzi,
kinataka pasi ya moto juu ya mshono, tena na tena.

Sijui kama nimechagua kwa akili
au kwa sababu Elinuru alinyonya hili tu,
la kulia akilikataa mpaka akaacha ziwa.

Asubuhi nikapiga simu.
"Kata kidogo, daktari. Nitakuja kwenye hizo pasi."
"Pasi?"
"Mionzi."
Na kabla hajakata:
je, ukingo ukionekana una ugonjwa?
"Tutarudia. Na ile njia ya pili bado ipo."

Aikaruwa amenuna.
Ila namsikia jikoni anamenya ndizi,
anapika mtori
wa mtu ambaye hajazaa.